28 YEARS LATER: Uti wa Mgongo Walishangilia, Mafuvu Wakazima!

Angalizo kwa wadau ambao bado hawajaicheki: humu ndani siri zote za muvi zinamwagwa.

Kisiwani, wilaya ya Same. Usiku, laptop moja, vijana sita. Muvi ni 28 Years Later, mzigo wa mwaka 2025 kutoka kwa Danny Boyle, yuleyule aliyeongoza 28 Days Later ya mwaka 2002. Lile zombi jitu linaloitwa Samson likamkamata mwanajeshi, likamng'oa kichwa pamoja na uti wa mgongo. Kijiwe kizima: "Nomaaa! Rudisha nyuma!" Ikarudishwa mara mbili.

Dakika chache mbele ikafika sehemu ya daktari mzee, Kelson, akionyesha minara yake ya mafuvu ya binadamu. Pale hakuna anayeuawa, hakuna anayekimbizwa. Mmoja akasema, "Zima hiyo, ushetani huo." Ikazimwa.

Yaani damu ilipita, heshima kwa wafu ikakwama. Na hapo ndipo walipoikosa muvi yenyewe.

Kelson siyo mchawi. Miaka yote ambayo Uingereza imefungiwa na kirusi cha hasira, yeye anaokota maiti, anazichoma, anasafisha mafuvu na kuyapanga. Habagui. Aliyekuwa zombi na aliyekuwa mzima wanakaa pamoja, kwa sababu wote walikuwa watu. Anamfundisha mtoto Spike mambo mawili: kumbuka kwamba utakufa, na kumbuka kupenda. Mama yake Spike anaumwa kansa, haponi. Daktari anamsaidia aondoke kwa amani, kisha anamkabidhi mtoto fuvu la mama yake. Dogo wa miaka 12 anapanda mpaka juu kabisa na kuliweka likiangalia jua linapochomoza. Hakuna muvi ya damu ya miaka ya karibuni yenye sehemu nzito kama hiyo.

Sasa kati ya watu wote duniani, kijana wa Kipare ndiye alitakiwa aielewe sehemu hiyo bila hata tafsiri ya DJ. Mababu wa milima hiyohiyo inayoonekana kutoka Kisiwani walikuwa wakizika mtu wao, baada ya muda wanatoa fuvu, wanaliweka kwenye chungu na kulihifadhi sehemu takatifu ya ukoo. Ikija shida, ukoo unakwenda pale na pombe kuongea na wazee wao. Dini zilipoingia (Wasabato wako Upare wa Kusini tangu 1903) mambo hayo yakatupwa fungu moja na uchawi. Sawa, mtu ana haki ya kuacha mila. Ila kuacha mila ni kitu kimoja, na kumwita babu yako shetani ni kitu kingine kabisa.

Na tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa safi. Kule Mbaga kuna mwamba wa Malameni, na simulizi za wenyeji zinasema watoto walitolewa kafara pale. Kwa hiyo woga wa wale vijana haukutoka hewani. Lakini ndiyo maana alama ya muvi hii ni kali: fuvu ni lilelile, kinachotofautiana ni mkono ulioshika. Mkono wa Samson unang'oa kichwa. Mkono wa Kelson unakiosha na kukipa mahali pa kupumzika.

Historia ya kaskazini ina mkono wa tatu pia. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kule Old Moshi, na familia yake imetafuta kichwa chake miaka nenda rudi, kikiaminika kupelekwa Ujerumani. Mafuvu mengi ya Watanzania yalikaa Berlin kwenye makabati, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vikapata ndugu walio hai wa baadhi yao, mkoani Kilimanjaro. Ule ndio ukatili usio na hata tone la damu: mzee wa watu kugeuzwa namba ya kabati. Aliyepaswa kuzomewa ni huyo, siyo yule aliyeweka chungu chini ya mwamba.

Kuna alama nyingine ambayo watu wa Kisiwani wangeipenda. Spike anaishi kisiwani kweli, kijiji kinachofikika kwa njia moja tu maji yakipwa. Watu wamejifungia, wanasimuliana sifa za uongo kuhusu ushujaa wao, hakuna anayetaka kujua ya nje. Wengi wameona humo Uingereza iliyojitoa Umoja wa Ulaya. Lakini mama wa Spike anaitwa Isla, neno ambalo kwa Kihispania ni kisiwa. Kisiwa cha yule mtoto hakikuwa kijiji, kilikuwa mama. Mama alipoondoka, ukuta na geti havikuwa na maana tena, akachagua kubaki nje.

Muvi ina makosa yake. Zombi kuzaa kichanga kizima kabisa ni ngumu kumeza, na lile genge la mwisho lenye matraksuti linaingia kama limetoka muvi nyingine. Ila hayo hayafuti lililo kubwa.

Wale sita hawakumaliza. Kati yao alikuwepo mmoja ambaye hakusema "zima" wala "acha". Alikaa kimya tu. Ukoo wao una mahali kule juu mlimani, chini ya jiwe, penye vyungu, na tangu utotoni aliambiwa asisogee, bila kuambiwa waliomo ni nani. Mwendelezo mwingine, The Bone Temple, umeshatoka tangu Januari 2026, na jina lenyewe ni hekalu la mifupa. Kabla ya kuushusha, angemuuliza kwanza baba yake majina ya wale wa kwenye vyungu.

Na wewe, wa kwenu unawajua majina hadi kizazi cha ngapi?