Mabao Matano ya Maputo
Mwezi Mei 2014 timu ya taifa ya Sudan Kusini, katika mchezo wake wa kwanza kabisa wa kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika, ilifungwa na Msumbiji mabao matano kwa bila mjini Maputo. Sisi hatumlaumu shabiki wa Malakia, Juba, anayeghadhibika kwa kipigo kama hicho. Ndugu polisi, mwacheni apige kelele. Kelele si fujo. Tunamlaumu adaiye timu ivunjwe. Ninyi askari mnajua kuwa kikosi kilichorudishwa nyuma hufundishwa upya. Na nchi ile ilikuwa vitani tangu Desemba 2013! Septemba 2015, papo hapo Juba, vijana waliifunga Guinea ya Ikweta, iliyofika nusu fainali mwaka huo, bao moja kwa bila.