Fungueni Maboksi Hayo

Wakusanyaji wa roboti za zamani za Kijapani wana imani moja wanayorithishana: kichezeo chenye thamani ni kile ambacho hakijaguswa. Boksi likiwa bado limefungwa na kona zake hazijapondeka, mwenye nalo anahesabiwa kuwa mtunza historia. Aliyefungua lake anaitwa mharibifu. Zipo hata kampuni zinazolipwa kulifungia boksi ndani ya kasha la akriliki na kulipatia alama, kama mtihani wa shule. Nasema imani hii ni potofu, na imedumu kwa sababu inawanufaisha wauzaji.

Tuanze na kitu chenyewe. Mazinger Z, roboti aliyebuniwa na Go Nagai, aliingia kwenye televisheni ya Japani Desemba 1972. Mwaka uliofuata Popy, kampuni tanzu ya Bandai, ikatoa Jumbo Machinder, Mazinger wa plastiki mwepesi kama chupa ya shampuu, mwenye kimo cha sentimita 60 hivi, wa kubebwa kwa kukumbatiwa. Mwaka 1974 ikatoa Chogokin, Mazinger wa sentimita 12 tu, aliyemiminwa kwa aloi ya zinki. Jina Chogokin lina maana ya aloi iliyozidi aloi zote, nalo lilitoka kwenye hadithi, ambamo mwili wa Mazinger umeundwa kwa metali ya namna hiyo. Popy hawakuwa wakiuza sura peke yake. Sura ilikuwepo tayari kwenye televisheni, bure. Waliuza uzito. Mtoto alimshika akausikia ubaridi wa chuma kiganjani, na springi ilipofyatuka, ngumi iliruka kama ilivyoruka kwenye katuni. Uzito huo haupiti kwenye kadibodi. Ngumi ambayo haijawahi kuruka kwa nusu karne haijafanya kazi iliyoundiwa.

Na huo ulikuwa mwanzo tu. Mwaka 1976 Popy ilitoa Combattler V, vyombo vitano vinavyoungana kuwa roboti mmoja, sawasawa na vilivyoungana kwenye kipindi chake cha televisheni. Kampuni ya Takara nayo, katika mfululizo wake wa Diaclone ulioanza 1980, iliweka kila mahali vijitu vya marubani vyenye sumaku nyayoni, ili visimame juu ya chuma bila kuanguka. Kisha ikaja ndege ya Valkyrie ya katuni ya Macross, iliyochorwa na Shoji Kawamori na kutengenezwa na Takatoku. Ni ndege ya kivita. Unaivuta miguu, inakuwa nusu ndege nusu mtu. Unaikunja tena, inasimama kama askari. Takatoku ilifilisika mwaka 1984, lakini fikra zake zimebaki ndani ya bawaba za ndege ile. Huwezi kuzisoma kwa macho. Zinasomwa kwa vidole, pale kipande kinapogoma kidogo kisha kikaingia mahali pake kwa mlio mdogo, ukaelewa mbunifu alikuwa anawaza nini. Mtu mwenye Valkyrie ambaye hajawahi kuigeuza anamiliki kadibodi na picha.

Wapenzi wa Gundam, roboti mwingine wa televisheni, ndio wanaonishangaza zaidi, maana historia yao wenyewe inawapinga. Kipindi cha kwanza kilianza Aprili 1979. Vichezeo vya Clover, mdhamini wake, havikuuzika vizuri, na kipindi kilichopangwa kuwa na sehemu 52 kikakatwa, kikaishia ya 43. Kilichomwinua Gundam ni marudio ya kipindi, na pamoja nayo vifurushi vya plastiki ambavyo Bandai ilianza kuuza Julai 1980, kimoja kwa yeni 300. Ndani hamkuwa na roboti. Mlikuwa na vipande vya kukata, kugundisha na kupaka rangi. Watoto wa Japani ndio waliomuunda Gundam, mmoja mmoja, mezani kwao, kwa mikono iliyojaa gundi. Wangalifuata imani ya boksi lililofungwa, leo tusingekuwa na la kujadili.

Nipeni jibu la swali hili: kwa nini boksi lililofungwa ni adimu? Ni adimu kwa sababu maelfu ya watoto walifungua yao. Walipoteza ngumi mchangani, wakavunja pembe, wakabandika stika upande upande. Bei inayolipwa mnadani leo imejengwa na watoto hao, nao ndio tunaowaita waharibifu! Mimi Mazinger aliyechubuka rangi kifuani, mahali kidole gumba cha mtoto kilipozoea kukaa, namwona kuwa ushahidi. Mcheza bao anaelewa ninachosema: bao ambalo mashimo yake yamelainishwa na vidole na kete za miaka mingi haliaibiki mbele ya bao jipya la dukani.

Tena boksi halilindi kama wanavyodai. Plastiki laini na mipira ya magurudumu hutoa kemikali zake polepole, na ikilala juu ya trei ya povu jeupe gumu huyeyusha povu na kunata humo. Aloi ya zinki iliyoingia uchafu wa risasi hupasuka yenyewe kutoka ndani. Plastiki ya dhahabu inayometa, iliyotumika kwenye baadhi ya roboti za Transformers za mwishoni mwa miaka ya 1980 na zilizofuata, huwa tete na kumeguka hata ndani ya boksi lisiloguswa. Gundi ya stika hukauka. Aliyefungua anaona tatizo mapema na kuliwahi: anaondoa povu, anafuta, anahamisha kitu mahali pakavu. Aliyefunga anatunza kitu asichojua hali yake.

Najua hoja ya upande wa pili: yabaki maboksi machache kwa ajili ya makumbusho. Sawa, yabaki. Na michoro ya maboksi yale ni mizuri kweli, nami sisemi yatupwe; yakunjuliwe, yatunzwe. Lakini wengi wanaoweka akriliki rafuni si makumbusho. Ni watu wazima waliowahi kumtamani roboti huyu wakiwa watoto, na sasa wanaye, na wanamwogopa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio nao. Usiku huu chukua boksi moja, lile unalolipenda kuliko yote. Osha mikono, ikaushe. Fungua taratibu, toa povu, mweke Mazinger kiganjani uusikie uzito wake. Kama yupo mtoto nyumbani, mwite. Kisha fyatueni ngumi.