Kumtetea "Mimi" Katika Insha ya Mwanafunzi

Katika miongozo ya uandishi wapewayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika vyuo zaidi ya kimoja, hukutwa agizo hili kwa maneno haya au yaliyo jirani nayo: mwanafunzi asijitaje. Asiseme "mimi", asiseme "naona", asiseme "nilikwenda nikatazama". Badala yake aandike "imebainika" au "inaonekana", ama ajiite "mtafiti", kana kwamba ni mtu mwingine aliyepita njiani. Nimesoma tasnifu ambamo mtafiti alipanda daladala, mtafiti akanyeshewa mvua, mtafiti akarudi kesho yake. Na kurasa mia zilipokwisha sikuweza kumjua huyo mtafiti ni nani, wala kama alipendezwa na chochote alichokiona. Nakusudia kusema kwamba agizo hili ni baya, kwamba linadhuru lugha na elimu pamoja, na kwamba walimu wa Kiswahili wanaolishikilia wana lawama kubwa kuliko wenzao wa sayansi.

Wale wa sayansi wana udhuru. Mtu apimaye chumvi katika maji hana haja ya kutueleza kuwa siku hiyo alikuwa na huzuni. Chumvi haibadiliki kwa huzuni yake. Lakini asomaye shairi, au atazamaye picha, hana mizani nyingine ila nafsi yake. Ukimwondoa mtazamaji hakuna kilichotazamwa. Anayeandika "picha hii inavutia" amekwisha kusema juu ya nafsi yake, ila amejificha nyuma ya mlango. Na kujificha huku ndiko tunakokuita elimu, tukakutolea alama.

Nitatoa mfano mmoja, na mwenyewe ameniruhusu kuutumia mradi nisimtaje. Ni mwanafunzi wa uchoraji asomaye na fasihi ya Kiswahili, katika chuo nisichofundisha mimi. Wakati wa likizo hupata chakula chake kwa kuchora picha za mtindo wa Tingatinga na kuwauzia watalii. Wasomaji wanajua asili ya mtindo huo: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya kung'aa kama ile ipakwayo baiskeli, juu ya vibao vyembamba vya kujengea dari, alikufa mwaka 1972, na jamaa na wanafunzi wake wakauendeleza mkono wake hata leo. Mwanafunzi huyu aliandika katika daftari lake kwamba alipofika ndege wa arubaini mkono ulikuwa ukienda peke yake, na macho yamelala. Akaona kwamba hawezi kumpambanua ndege wake na ndege wa mwenziwe aketiye kando yake, ila kwa kosa moja dogo katika ukucha wa mguu wa kushoto, kosa alilolirudia kila mara pasipo kukusudia. Alijaribu kulisahihisha, na picha ikawa si yake tena. Akalirudisha. Tangu siku hiyo, aliandika, ndipo alipoanza kulipenda lile kosa na kujiuliza iwapo mtindo wa mchoraji ni kitu zaidi ya makosa aliyokataa kuyaacha.

Nimesoma vitabu kadha wa kadha juu ya kunakili na kubuni katika sanaa. Si vingi vilivyonifundisha kama ukurasa huo mmoja. Lakini alipouweka ukurasa huo katika insha yake juu ya ubunifu, ulirudi umepigwa mstari mwekundu toka juu hata chini, na pembeni pameandikwa: "Maoni binafsi. Futa." Akaufuta. Akaandika badala yake kwamba imebainika ya kuwa kunakili huua ubunifu, jambo ambalo mkono wake mwenyewe ulikuwa umemwonyesha kuwa si kweli yote, akapata alama nzuri. Basi mtihani ulimfunza nini kijana huyu? Ulimfunza kuacha anachokijua, akashika asichokiamini, na kukisema bila ya kutia jina.

Huambiwa kwamba tukiwaruhusu vijana kujitaja, chuo kitajaa majivuno. Hoja hii ni nyepesi, nami sitaikawilia. Mwenye majivuno hahitaji nafsi ya kwanza. Nimeona majivuno ya ajabu katika sentensi zisizokuwa na mtenda.

Hoja nzito ni ile isemayo kwamba kuandika juu ya nafsi si desturi yetu. Ati Mswahili husema kwa methali, na methali haina mwenyewe. Hekima yetu ni ya jamii, na "mimi" ni mgeni aliyeletwa na Wazungu. Maneno haya husemwa kwa sauti ya kutetea utamaduni, na kwa hiyo wengi huogopa kuyapinga. Mimi nasema wanaoyasema hawakuisoma maktaba yao. Al-Inkishafi, utendi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ni nini ila mtu aketiye na moyo wake, akiusuta na kuuonyesha magofu ya Pate? Mwana Kupona alipomwandikia binti yake mwaka 1858, hakujificha nyuma ya jamii. Alikuwa mgonjwa, alikuwa mama, na utenzi unasema hivyo. Shaaban Robert, ambaye kila mmoja wetu humtaja akitaka kuapa kwa jina la Kiswahili, aliandika maisha yake mwenyewe: ukarani, uhamisho kutoka kituo hata kituo, kifo cha mkewe Amina. Na ikiwa watu wanataka mfano wa chuo hasa, wamtazame Amur bin Nasur wa Unguja, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890. Huyu aliandika habari za safari yake na za mji alioukuta, naye C. G. Büttner akazichapisha mwaka 1894. Ni mwalimu wa chuo kikuu, akiandika kwa Kiswahili, kwa nafsi ya kwanza, kabla babu zetu hawajazaliwa. Huyo mgeni aliyeletwa juzi yuko wapi?

Kisha tazameni kinyume hiki. Kitabu tukisomeshacho mara nyingi tunapotaka kuonyesha fikira za msomi kijana ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, naye hutumia "mimi" toka mwanzo. Tunawaagiza vijana waichambue shaka ya Kazimoto, huzuni yake, na uchovu wake wa kujua mambo. Halafu tunawakataza kuchambua shaka yao wenyewe. Kazimoto ameruhusiwa kwa kuwa hakuishi. Aishiye hana ruhusa.

Hasara yake ni hii. Kijana mwenye jambo la ndani la kusema huhama. Huliandika kwa Kiingereza, akiamini kwamba lugha ile ndiyo nyumba ya nafsi, na hii yetu ni ya hotuba na mitihani. Wala hakuanza leo kuamini hivyo. Wanafunzi wa Makerere walipewa jarida lao la Kiingereza, Penpoint, mwaka 1958, na kutokana na jarida hilo David Cook alikusanya kitabu kizima mwaka 1965. Mwezi wa Juni 1962 ulifanyika huko Makerere mkutano wa waandishi wa Afrika watumiao Kiingereza. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi yeye, mwanafunzi mwenye hadithi mbili fupi tu, alivyostahili kualikwa, na Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya nathari na ushairi, hakustahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo. Watu hulitaja tukio hili ili kuwalaumu waliotayarisha mkutano, na lawama ni ya haki. Walakini yafaa tutazame na upande wa pili: wale walimpa mwanafunzi nafasi ya kuwa mwandishi akiwa na hadithi mbili. Wanaofundisha kwa Kiswahili leo humpa nafasi akiwa na ngapi?

Maisha ya chuo yenyewe yanapita bila ya kuandikwa. Wanafunzi wa Tanzania wamejiundia msamiati wao wote. Fedha ya mkopo ya kujikimu huitwa bumu, na majuma ya kulingoja bumu yana njaa yake na ucheshi wake. Kulala wawili katika kitanda cha mmoja, kwa kuwa mwenzio hakupata chumba, ni kubebana. Maandishi ya kukariri yaliyorithiwa toka kwa waliotangulia ni madesa. Mtihani wa marudio ni sapu, na kufukuzwa kwa kushindwa ni kudisko. Najua wapo watakaokunja uso wakiona maneno haya katika jarida la wasomi. Lakini nani ametueleza, kwa sentensi zilizonyooka, jinsi mtu anavyosoma falsafa ya uhuru usiku huku amebebwa katika kitanda kisicho chake? Kila baada ya miaka mitatu kizazi kizima huondoka na maarifa hayo. Tutakuja kuyatafuta siku moja, tukatuma watafiti na madodoso.

Nisionekane kuwa nawasifu vijana bila kiasi. Mengi waniletéayo ni mabaya. Wengine huandika huzuni ya jumla, isiyo na chumba wala saa, ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Wengine hupanga methali kama matofali mpaka mwandishi asionekane. Wako na wale wahubirio mafanikio nao hawajafanikiwa jambo lolote, nao hunichosha kuliko wote. Lakini haya hayaponywi kwa kukataza nafsi. Huponywa kwa kuidai zaidi. Mwalimu na aulize: ulikuwa wapi, uliona nini, rangi gani, bei gani, na kwa nini ulibadili fikira? Yule mchoraji na ukucha wake alijibu maswali hayo kabla ya kuulizwa, na ndiyo maana ukurasa wake una thamani. Ni maswali magumu kuliko "jadili kwa mifano", na kuyasahihisha kunachukua muda mrefu zaidi. Nashuku kwamba muda huo ndio sababu ya kweli ya lile agizo, si hadhi ya elimu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Jarida hili litenge kurasa katika kila toleo kwa insha za nafsi za wanafunzi, zisahihishwe kwa ukali ule ule tunaozitendea makala za walimu. Na mwongozo wa idara yangu utakapopitiwa tena, nitatoa hoja kwamba sentensi ya kukataza "mimi" iondolewe katika insha zote za fasihi na sanaa. Wenzangu wasiokubali nawasihi waniandikie sababu zao kabla ya kikao, kwa nafsi ya kwanza, na chini yake watie majina.