Viongozi wa Asasi, Daftari Liwe Mezani

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Hazikupita siku nyingi barua za kusitisha kazi zikaanza kuingia katika asasi za Afrika Mashariki zilizokuwa zikila kwa mkono wa USAID, shirika la misaada la Marekani. Mwezi Machi Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za shirika hilo zimefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID ilikuwa imeacha kuendesha misaada. Kilichosalia kilihamishiwa wizarani. Uingereza nayo ilikwisha kutangaza mwezi Februari kwamba ifikapo 2027 misaada yake itashushwa hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa.

Marekani imelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki. Mgonjwa aliyekuwa akifuatiliwa dawa zake za VVU na mhudumu wa jamii hakuwa na kosa lolote. Lakini kelele zile zimetusahaulisha kujitazama wenyewe. Palikuwa na asasi ambazo mshahara wa mkurugenzi, pango la ofisi, mafuta ya gari na hata ujira wa mlinzi vilitoka kwa mfadhili mmoja, katika mradi mmoja. Mradi uliposimama, asasi nayo ilisimama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini: methali hiyo tumewasomea wanavijiji katika semina zetu za ujasiriamali, kumbe ilitakiwa tuanze kusomewa sisi.

Nami nathubutu kusema kwamba kuondoka kwa mfadhili kumeumbua tu maradhi yaliyokuwamo. Asasi zetu nyingi zinaongozwa kana kwamba zina mwenyewe. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania, Namba 24 ya mwaka 2002, haijui kitu kinachoitwa mwenye hisa katika shirika la namna hii. Hakuna wa kugawiwa faida, hakuna wa kurithi. Watu wa pwani wanaielewa habari hii tangu zamani kwa njia ya wakfu: mtu akiliweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au mayatima, msimamizi wake hulitunza, huvuna, huhesabu, lakini haliuzi wala halirithishi kwa wanawe. Zanzibar ipo hata Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Mkurugenzi wa asasi ni msimamizi wa jinsi hiyo hiyo. Kazi yake ni kuishika amana akiwa tayari kuulizwa, na akiwa tayari kuondoka. Asiyelikubali hilo, hata umpeleke kwenye mafunzo ya mpango mkakati mara ngapi, atarudi na cheti tu.

Tuanze na bodi, maana uozo mwingi uko hapo.

Zitazame bodi zetu. Mwenyekiti ni rafiki wa mwanzilishi tangu chuoni, mweka hazina ni shemeji yake, mjumbe mmoja ni mheshimiwa aliyewekwa kwa ajili ya jina lake na hajapata kufika. Wanakutana pale mfadhili anapoomba muhtasari wa kikao. Kabrasha wanalikuta mezani asubuhi ile ile, kurasa sitini, chai imeshamiminwa. Mkurugenzi anaeleza, wajumbe wanapongeza, fomu ya posho inazungushwa, watu wanatawanyika. Akitokea wa kuuliza kwa nini mafuta ya gari yamezidi bajeti, anaambiwa pembeni kwamba asiwe mkorofi. Bodi ya namna hii ni muhuri tu, na muhuri haujapata kumzuia mtu kukosea.

Bodi ya kweli utaijua kabla hata kikao hakijafunguliwa. Kabrasha linawafikia wajumbe wiki nzima kabla. Kikao kinaanza na yatokanayo na kikao kilichopita: tuliagiza nini, nani alipewa, amefikia wapi. Kisha taarifa ya fedha, nayo ina safu tatu: iliyopangwa, iliyotumika, na tofauti. Mwenyekiti anayejua kazi yake haulizi kingine ila hiyo safu ya tatu. Mwisho mkurugenzi anatoka nje kwa nusu saa, wajumbe wanazungumza peke yao juu yake. Mkurugenzi anayechukizwa na nusu saa hiyo ameanza kusahau kwamba yeye ni mwajiriwa.

Na wajumbe wenyewe wawe akina nani? Awepo anayejua hesabu, awepo anayejua sheria, na wawepo wawili watatu wanaotoka miongoni mwa hao hao tunaodai kuwahudumia. Mimi kwa upande wangu nampenda sana mwalimu mkuu mstaafu. Ameshashika fedha za shule, ameshakaguliwa, ameshagombana na wazazi, na haogopi kusema hapana mbele ya watu. Katiba iweke kikomo: miaka mitatu, ikirudiwa mara moja, basi, apishe mwingine. Pasipo kikomo, mjumbe hugeuka mwanafamilia.

Sasa fedha. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika asasi mahali inapoishia zaidi ni kwenye masurufu. Afisa mradi anachukua milioni moja na laki mbili kwenda wilayani kuendesha semina ya siku mbili. Akirudi, analeta fomu ya mahudhurio yenye majina arobaini. Ichukue fomu hiyo uitazame kwenye mwanga wa dirisha: saini kumi na tano zimeandikwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, zote zimelalia upande mmoja. Stakabadhi ya chakula imetoka kwenye kitabu cha kununua dukani, haina muhuri, haina namba ya simu, na jumla yake inatimia sawasawa na bajeti, hata shilingi mia haikubaki. Mhasibu anaona. Mkurugenzi naye anaona, lakini anakaa kimya kwa sababu masurufu yake mwenyewe ya safari ya Dodoma ya miezi minne iliyopita hayajarejeshwa.

Dawa yake inafahamika, inayokosekana ni nia. Masurufu yarejeshwe ndani ya wiki mbili, na asiyerejesha asipewe mengine, awe nani. Anayeomba fedha asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayelipa. Hundi isitiwe saini ikiwa tupu, hata kama mkurugenzi anawahi ndege; dhambi hii imezoeleka kiasi kwamba watu wanaiita urahisi wa kazi. Posho za washiriki zitumwe kwa simu moja kwa moja kwa kila mtu, jina na namba vibaki kwenye kumbukumbu. Kila mwisho wa mwezi salio la benki lilinganishwe na daftari, na mtu mwingine asiye mhasibu atie saini kwamba ameona. Na wa kwanza kurejesha masurufu awe mkurugenzi. Watumishi hawaigi sera iliyobandikwa ukutani, wanaiga anachofanya mkubwa wao.

Kuna unafiki mmoja unaoniudhi, nao lazima nitaje. Kwa mujibu wa sheria, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana walau kila baada ya miezi mitatu, na wananchi wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Asasi zetu zimefanya kazi nzuri ya kuwaamsha wanavijiji wadai haki hiyo. Tumewafundisha kumsimamisha mtendaji na kumuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Vizuri sana. Lakini mwanakijiji huyo huyo akitugeukia akauliza, "Na ninyi mlioleta semina, mradi wenu una shilingi ngapi, na hapa kwetu zimefika ngapi?" tunamwambia hizo ni siri za mkataba. Siri gani? Ikiwa fedha ziliombwa kwa jina lake, kwa picha ya mtoto wake, basi bajeti ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Asasi isiyoweza kufanya hivyo inyamaze kuhusu uwajibikaji wa wengine.

Kwa Msajili tunapeleka taarifa ya mwaka na kulipa ada kwa sababu sheria inatulazimisha. Kwa mfadhili tunapeleka ripoti ya robo mwaka kwa sababu tunaogopa awamu inayofuata itazuiliwa. Kwa mlengwa hatupeleki kitu, maana hana cha kutufanya. Hapo ndipo kiongozi mwema anapotofautiana na mjanja.

Na ripoti hizo zinahesabu nini? Waliohudhuria, vipeperushi vilivyochapwa, siku za mafunzo. Marehemu Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, wanawake waliootesha miti walipewa kifuta jasho kidogo kwa kila mche uliokwisha kupandwa na ukashika. Mche uliokufa haukulipiwa. Fikiri busara iliyomo humo: hapakuwa na haja ya mtu kuvutiwa na hotuba ya siku ya kupanda miti, wala picha ya mgeni rasmi akiwa na jembe. Watu walirudi shambani kutazama kama mti uko hai. Ni wangapi kati yetu tunarudi mwaka mmoja baadaye kuuliza kama kisima tulichokizindua kwa ngoma bado kinatoa maji, na nani anashika ufunguo wa pampu? Tunaogopa kwenda kwa sababu tunajua jibu, au kwa sababu mfadhili hakuweka bajeti ya kurudi. Basi iombwe tangu kwenye andiko la mradi, na akikataa, ipunguzwe semina moja.

Hapo nirudi kwa wafadhili. Wengi wetu tunadhani asasi isiyo ya faida imekatazwa kubaki na kitu, kwa hiyo mwisho wa mwaka tunakimbilia kumaliza bajeti kwa warsha za haraka haraka. Si kweli. Kilichokatazwa ni kugawana kinachobaki. Fedha za mradi zina masharti yake na zirudi kwa mwenyewe zikizidi, lakini ada za wanachama, michango ya hapa nyumbani na mapato halali ya asasi yanaweza kuwekwa akiba, na bodi iamue yatumike lini. Lengo la kwanza liwe miezi mitatu ya mishahara na pango. Ni kidogo, lakini kinampa mtu nafasi ya kufikiri. BRAC, asasi ya Bangladesh ambayo leo inafanya kazi hata Tanzania na Uganda, ina maduka yake ya kazi za mikono, Aarong, tangu 1978. Simaanishi kila asasi ifungue mgahawa. Nyingi zimefilisika kwa kufanya biashara zisizozijua. Nasema kiongozi ajue leo hii ni sehemu gani ya mapato yake inatoka kwa mtu mmoja, na kama ni zaidi ya nusu, alie mbele ya bodi yake mapema, sio siku ya barua. Na kamwe asikope fedha za mradi huu kuufunika ule. Mara ya kwanza hulipika. Ya tatu humpeleka mtu polisi.

Juu ya watumishi sina mengi. Wapewe mikataba ya maandishi, michango yao ya NSSF ipelekwe kwa wakati, na wanaojitolea wasifanywe vibarua wa bure miaka na miaka. Asasi ya haki za binadamu inayokata mchango wa mtumishi na kutoupeleka haina tofauti na mwajiri inayemshitaki.

Lililo gumu kuliko yote ni kuondoka. Fazle Hasan Abed, aliyeianzisha BRAC mwaka 1972, aliuacha ukurugenzi mtendaji mwaka 2001, akabaki mwenyekiti, na mwaka 2019 akauacha uenyekiti nao, miezi michache kabla hajafariki. Hapa kwetu, Rakesh Rajani alishiriki kuianzisha HakiElimu mwaka 2001, akaondoka. Akaanzisha Twaweza mwaka 2009, akaondoka tena. Zote mbili zimeendelea chini ya wakurugenzi wengine. TAMWA, iliyoanzishwa na wanahabari wanawake mwaka 1987, imeongozwa na wanawake kadhaa kwa zamu. Linganisha na asasi tunazozijua kila mkoa, ambazo mwanzilishi ana miaka ishirini na mitano ofisini, nywila ya barua pepe anaijua yeye, mfadhili ana namba ya simu yake tu, na msaidizi wake hajapata kuingia katika chumba ambamo mkataba unajadiliwa. Huyo akiugua wiki mbili, watu hawalipwi.

Basi wewe unayesoma haya ukiwa mkurugenzi, nakuomba jambo moja tu. Sheria ya kazi ya Tanzania inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na najua hujaichukua muda mrefu. Ichukue mwaka huu, yote. Mkaimishe msaidizi wako kwa barua, saini yake ipelekwe benki kwa idhini ya bodi, mjulishe mfadhili, uizime simu ya ofisi. Ukirudi, mwambie akuandikie orodha ya yote yaliyokwama, uipeleke kwenye bodi kama ilivyo, bila kuipunguza.