Lara Croft: usianzie namba moja

Juzi jamaa yangu kanipigia simu usiku, hasira tupu. Alikuwa amenunua Tomb Raider ya kwanza, ile ya mwaka 1996, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia huwezi kumjua Lara Croft bila kuanzia mwanzo. Ndani ya nusu saa Lara alishadondoka kwenye majabali ya Peru mara kumi na kitu, jamaa akazima mashine. "Hii ndiyo gemu uliyokuwa unaipigia debe?" Nilikosa jibu. Leo nalitoa, pamoja na kuomba radhi.

Wadau, tusidanganyane. Gemu ile ilitengenezwa na Core Design pale Derby, Uingereza, na ilikuwa maajabu ya wakati wake. Lakini ukitaka kuruka mbali inabidi urudi hatua nyuma, ukimbie, ubonyeze kabla ya kufika ukingoni. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya gemu vidole vilizoea. Mtu mzima anayetoka kazini saa mbili usiku hana muda huo, na pesa yake inauma.

Mfululizo huu una milango mitatu. Wa kwanza ni gemu za Core, 1996 hadi 2003, ulipofungwa na The Angel of Darkness iliyoingia sokoni ikiwa na kasoro kibao. Baada ya hapo kazi ikahamishiwa Crystal Dynamics ya Marekani, wakatoa Legend (2006), Anniversary (2007) na Underworld (2008). Mlango wa tatu ni Lara aliyeanzishwa upya mwaka 2013, akafuatiwa na Rise (2015) na Shadow (2018).

Wengi watakuambia uingie kwa 2013. Ni gemu nzuri, sibishi. Lara ana miaka 21, meli imevunjika, kisiwa kimejaa wendawazimu. Ila muda mwingi unapiga risasi, na makaburi yenye mafumbo yamewekwa pembeni kama kachumbari. Ukianzia hapo utadhani Tomb Raider ni vita.

Mimi nasema anzia Anniversary. Ni kisa kilekile cha 1996, Peru, Ugiriki, Misri mpaka Atlantis, lakini Lara anakusikiliza unapomwamuru. Kuna jumba moja Ugiriki, St. Francis' Folly, ambako unasimama juu ya shimo refu na kushuka taratibu, mlango baada ya mlango, kila mmoja na fumbo lake. Ni wewe na akili yako. Ukilipenda jumba lile, umeupenda mfululizo. Usipolipenda, achana nao, hela yako ifanye mengine. Isitoshe ilitoka hadi kwenye PlayStation 2, kwa hiyo haihitaji kompyuta ya kutisha.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Lara ni Mwingereza tajiri anayeingia kwenye makaburi ya watu wengine na kuondoka na vitu vyao. Utotoni hatukujiuliza. Leo mimi siwezi kucheza bila kukumbuka Tendaguru, kule Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, wapagazi wetu wakaibeba vichwani hadi pwani, na leo mmoja wao amesimamishwa Berlin, kichwa kiko mita 13 juu. Watalii wanalipa kiingilio kumtazama. Sisi tunamwona kwenye picha.

Anniversary haijibu swali hilo. Lakini ndimo Lara anapoanza kuona gharama ya tamaa yake: anapomuua Larson, anatetemeka, tofauti na gemu ya 1996 ambako alipita tu kama amekanyaga mdudu. Halafu ukifika Shadow utamkuta anachukua kisu cha kale huko Mexico, na maji yanasomba mji kwa sababu yake. Hata gemu tatu za mwanzo zilipotolewa upya Februari 2024, ziliwekewa tangazo la kukiri kwamba zina taswira potofu za watu wa mataifa mengine. Kwa hiyo ukianzia Anniversary, ukaenda Legend, Underworld, kisha zile tatu za mwisho, utaona dhamira ikimwingia polepole. Ukishamzoea ndipo urudi 1996. Majabali ya Peru hayaendi popote.

Jamaa yangu nimempa nakala yangu ya Anniversary. Jana usiku kanitumia ujumbe: yuko Ugiriki, amekwama kwenye mlango wa Poseidon, na nisimwambie jibu.

Haya, wewe ulianzia wapi? Na ulipokuwa unabeba hazina za watu, dhamira ilikusuta hata kidogo?