Hema si aibu: picha za kambi ya Disney zinatuuliza nini sisi watu wa Kivu?

Mama yangu anaishi Baraka, katika Kivu ya Kusini. Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti kabla jua halijatoka. Sauti yake ilitetemeka: «Papa, dada yako banamufukuza wapi tena? Nimeona batoto ndani ya hema. Banarudi mu kambi?»

Nilifungua WhatsApp. Mdogo wangu, anayeishi Lexington, katika jimbo la Kentucky kule Marekani, alikuwa ametuma picha katika kundi la familia. Watoto wake watatu walikuwa wamekaa mbele ya hema ya kijani, chini ya miti mirefu. Nyuma yao kulikuwa na gari kubwa jeupe lenye madirisha na mapazia kama nyumba. Walikuwa wanacheka. Lakini mama hakuona kicheko. Yeye aliona hema tu.

Ilinibidi kumpigia simu na kumueleza kwamba hakuna aliyewafukuza. Walikuwa katika likizo, na walilipa pesa ili walale pale. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Banalipa juu ya kulala mu hema?» Tangu siku ile swali hilo halijaniacha, na ndilo linanifanya niandike leo. Naona wengi wetu, tulio hapa na walio ng'ambo, tunakosea tunapofikiri kwamba aibu ya kambi iko katika hema.

Tuanze na mahali penyewe. Kambi hiyo inaitwa Fort Wilderness. Iko Florida, karibu na mji wa Orlando, ndani ya eneo kubwa la michezo na starehe linaloitwa Walt Disney World. Eneo hilo lilifunguliwa tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka 1971, na kambi ilifunguliwa wiki chache baadaye, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja. Ina ukubwa wa hektari 300 hivi za msitu, kando ya ziwa dogo linaloitwa Bay Lake. Ndani yake kuna nafasi karibu 800 za kupiga hema au kuegesha gari la kulala, na vibanda zaidi ya 350 kwa wale wasio na hema wala gari.

Gari la kulala ni kitu ambacho kwetu hakijulikani sana. Wamarekani wanaliita RV, wengine wanaita karavani. Kuna lenye injini yake, kama basi dogo, na kuna lile linalovutwa nyuma ya gari lingine. Ndani kuna vitanda, jiko, friji, choo na bafu. Familia nyingi zinalimiliki, zingine zinakodi kwa siku chache. Katika majimbo mengi ya kule, mtu mwenye permi ya kawaida anaweza kuliendesha. Kutoka Lexington hadi Orlando ni kilomita karibu 1,300. Mdogo wangu, mume wake na familia ya jirani yao, nao watu wa Fizi, walichanga pesa, wakakodi gari moja na kuchukua hema moja ya kuongezea. Gari kama hilo linakunywa mafuta mengi, lita 25 hadi 35 kwa kilomita 100, kwa hiyo kusafiri familia mbili pamoja kunasaidia.

Wanapofika, wanapewa nafasi yao yenye namba. Dereva anarudisha gari nyuma taratibu mpaka likae sawa. Kisha wanaume wanashuka na kuanza kuunganisha: mpira wa maji kwenye robine, waya mnene kwenye sanduku la umeme, na mpira mwingine mpana kwenye shimo la maji machafu, ili choo cha gari kisijae. Kila nafasi ina robine yake, umeme wake, meza ya kulia na jiko la kuchomea nyama. Nafasi za hema hazina shimo la maji machafu, lakini karibu kuna jengo lenye vyoo, bafu za maji moto na mashine za kufulia. Watu 10 wanaruhusiwa kukaa katika nafasi moja.

Ndani ya kambi huruhusiwi kuzungukazunguka na gari lako. Watu wanatembea kwa miguu, kwa baiskeli, kwa basi la kambi, au wanakodi vigari vidogo vya umeme. Mashua inawavusha bila malipo hadi Magic Kingdom, ile bustani yenye ngome inayoonekana katika sinema. Jioni wanawasha moto mkubwa, watoto wanaimba, kisha wanatazama filamu nje, chini ya nyota. Usiku, ziwani, kunapita msururu wa mataa yanayoelea juu ya maji, na desturi hiyo imedumu tangu mwaka 1971. Kuna familia za Kimarekani zinazorudi pale kila mwaka, na zinapamba nafasi zao kwa mataa wakati wa Noeli.

Ni biashara, najua. Nafasi moja kwa usiku mmoja inaweza kupata dola mia hivi, na wakati wa sikukuu inapita mia mbili. Tiketi ya siku moja ya kuingia Magic Kingdom ni zaidi ya dola 100 kwa mtu mzima. Ndiyo sababu mdogo wangu na wenzake waliingia siku moja tu. Siku zingine tatu walikaa kambini, wakaogelea, wakachoma samaki, wakasonga bugali kwenye jiko la gari.

Hapa ndipo maneno yalipoanza katika kundi la familia. Mjomba mmoja aliandika kwamba pesa hizo zingetosha kulipa masomo ya watoto wawili hapa Kongo. Shangazi akaongeza kwamba watu wakifika Ulaya na Amerika wanasahau. Mdogo wangu hakujibu. Aliondoa picha. Hilo liliniuma zaidi kuliko maneno yenyewe.

Kwa heshima yote ninayowapa wazazi wangu hao, sikubaliani nao. Mdogo wangu alizaliwa wakati wa vita. Sisi wawili tulikulia Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka kwetu. Baadaye wazazi walirudi Baraka, lakini yeye na mume wake walibaki kambini, wakaingia katika mpango wa kupelekwa Marekani. Hawakuwa peke yao. Katika mwaka wa hesabu wa 2016, Wakongomani ndio walikuwa wengi kuliko wakimbizi wa inchi nyingine yoyote waliopokelewa Marekani, zaidi ya watu 16,000. Mkimbizi anayefika kule anaanza na deni: tiketi ya ndege ni mkopo, na anapaswa kuulipa kidogo kidogo. Yeye alilipa tiketi za watu wanne. Anafanya kazi usiku katika depo ya bidhaa. Tena, sheria ya taifa ya Marekani hailazimishi mwajiri kumpa mfanyakazi likizo yenye malipo, ile ambayo hapa sheria ya kazi inaitambua na tunaiita konje. Siku anayopumzika mara nyingi ni siku asiyolipwa. Alijiwekea akiba miaka miwili kwa ajili ya siku nne, na katika miaka hiyo miwili hakuacha kumtumia mama pesa ya dawa. Mtu kama huyo hana deni la kutuomba ruhusa ya kupumzika.

Lakini nirudi kwa mama, kwa sababu hofu yake ilikuwa na haki. Kwake yeye, na kwa mamilioni ya watu wa mashariki mwa inchi yetu, hema ni shitingi iliyopigwa juu ya miti, maji yanayoingia wakati wa mvua, bidoni za njano zilizopangwa foleni tangu saa kumi za usiku. Pale Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, kandokando ya Goma, watu walilala juu ya mawe ya volkeno, ambako hata kuchimba shimo la choo ni kazi ya kuvunja mwamba. Kipindupindu kiliwafuata humo humo. Hakuna aliyechagua kufika, na wengi hawakuchagua hata kuondoka: mwezi wa pili mwaka 2025, wakaaji wa baadhi ya kambi hizo waliambiwa na M23 waondoke ndani ya saa 72, wengine bila kujua kama nyumba zao vijijini bado zimesimama.

Sasa tulinganishe bila kukasirika. Mashirika ya kibinadamu yana kanuni zinazoitwa Sphere, zinazosema kiasi cha chini kabisa ambacho mtu aliyekimbia vita anapaswa kupata. Ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Robine moja isitumiwe na zaidi ya watu 250. Choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Eneo la kambi litoe mita za mraba 45 kwa kila mtu, pamoja na njia na majiko. Hayo ndiyo madogo kabisa, na aliyeishi katika kambi zetu anajua kwamba mara nyingi hata hayo hayakufikiwa.

Kule Florida, robine moja ni ya watu 10 wasiozidi. Nilipiga hesabu ya ardhi: hata nafasi zote za kambi zikijaa watu 10, na kila kibanda watu 6, bado kila mtu ana zaidi ya mita za mraba 250 za msitu. Kitambaa cha hema ni kile kile. Kinachobadilika ni bomba lililofukiwa chini ya ardhi na nafasi ya kupumua. Kuna na kitu cha tatu, ambacho pesa haikionyeshi katika picha: unapoweka nafasi Fort Wilderness, karatasi inaonyesha siku ya kufika na siku ya kuondoka. Siku ya mwisho, saa tano za asubuhi, unakunja hema yako na unarudi nyumbani, kwa sababu nyumba ipo na njia iko wazi.

Najua mtu atasema kwamba siwezi kulinganisha kampuni tajiri na inchi yenye vita. Ni kweli, wageni wa Disney wanalipa, na wakimbizi wetu hawana kitu. Lakini sidai bwawa la kuogelea Bulengo. Ninasema tu kwamba tumezoea kuona kambi kama mahali ambapo taabu ni ya kawaida, kana kwamba hema yenyewe ndiyo inaleta kipindupindu. Hema haileti kipindupindu, ukosefu wa maji safi na vyoo ndio unaokileta. Kiongozi akija na kusema «ni kambi, mvumilie», tumuulize robine ziko ngapi kwa watu wangapi. ONG ikitangaza kwamba imesaidia maelfu, tuulize choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi. Na mwenye silaha akiamuru watu waondoke, tuulize wanaenda wapi, nani amehakikisha njia, na kama wao wenyewe wamekubali. Hayo ni maswali ambayo mtu yeyote anayeweka nafasi ya likizo anauliza kabla ya kulipa. Kwa nini yawe makubwa mno kwa mama aliyetembea kutoka Masisi na mtoto mgongoni?

Kwa ndugu zetu walio ng'ambo nina neno moja: msifiche picha zenu. Mkizificha, tunabaki tukifikiri kwamba kule mnaokota pesa, na ninyi mnabaki mkifikiri kwamba sisi tuna wivu tu. Elezeni mlivyojiwekea akiba, mlilala wapi, mlilipa ngapi. Na sisi tulio hapa tujifunze kuuliza «mlipumzika vizuri?» kabla ya kuuliza «mlitumia ngapi?»

Mdogo wangu alirudisha picha baada ya siku mbili, kwa sababu nilimuomba. Safari hii aliongeza video fupi. Mtoto wake wa pili anafungua robine iliyo kando ya gari, anajaza ndoo, anafunga. Hakuna foleni nyuma yake. Mama aliitazama mara nyingi, kisha akanipigia simu. Hakuuliza habari za ngome wala za mashua. Aliuliza: «Ile robine ni ya bo peke yabo?»

Nikamjibu ndiyo, Mama, ni ya kwao peke yao. Akasema: «Sawa. Basi iyo haiko kambi.» Ningependa waliokuwa na kazi ya kuhesabu robine pale Bulengo wamsikie.