Penye Unga wa Mbao, Usipake Mafuta

Mtaa wa Malindi katika mji wa Unguja u karibu kabisa na bandari, na upepo wa bahari huleta chumvi. Chuma kilicho wazi hushika kutu upesi. Kwa hiyo seremala wa pwani hupenda kuipaka mashine yake mafuta tele kila mahali. Nia ni njema, lakini unga wa mbao hunata penye mafuta, ukawa kama ugali mzito. Meza ya mashine haitelezi tena, parafujo ya kupandishia msumeno inakuwa ngumu, na fundi hulazimika kusukuma ubao kwa nguvu. Hapo ndipo mkono huponyoka ukaingia kwenye meno ya msumeno.

Kanuni ni hii: mahali panapoangukiwa na unga wa mbao, paka kitu kikavu. Mafuta na grisi ni kwa mahali palipofunikwa.

Kwanza zima mashine, uikate na umeme. Ondoa uchafu kwa brashi, kisha kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Acha pakauke kabisa. Halafu sugua meza kwa nta ya nyuki au mshumaa wa dukani (si ule uliobarikiwa!), ukaisugue tena kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Ubao utateleza, na kutu nayo itachelewa. Parafujo zafaa nta hiyo hiyo. Uonapo ubao unaanza kugoma, rudia.

Mkanda wa mashine usiupake kitu, maana utateleza usivute. Beringi zilizofungwa kiwandani haziongezwi grisi. Zile zenye tundu la grisi, tia kidogo, nayo inayotoka nje ipanguse.

Mafuta ya kupikia hayafai, kwani yakikaa hunata kama utomvu. Oili chafu ya gari nayo hutia mbao madoa, na vanishi haishiki vizuri.

Enyi wazazi wenye kijana anayejifunza useremala, msomeeni maneno haya. Kanisa Kuu la Unguja, lile la minara miwili, ni la Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa mafundi. Kijana na amwombe kila asubuhi, kisha asafishe mashine kabla ya kuiwasha.